Jumanne Baada ya Isha: Namna ya Kuendesha Bendi ya Kopi Mtaani Unguja

Bendi yetu haina jina. Tuko watu saba, tuna chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani Mwembetanga, na kila Jumanne saa mbili na nusu usiku tunapiga nyimbo za watu wengine mpaka saa nne na robo. Wapiga muziki huita kopi. Mmoja wetu anauza samaki Darajani, mmoja mwalimu wa skuli, wawili wako bandarini, mmoja muuguzi, mmoja ndiye huyo fundi cherehani mwenye chumba, na mimi ninayeandika ni mpiga besi ambaye mchana kazi yake ni kujaza makaratasi. Hatujarekodi kitu wala hatuna mpango huo. Tumeingia mwaka wa tisa.

Kabla ya hii nimepitia bendi tatu za namna hii, na zote zimekufa zikiwa na wapigaji wazuri kuliko sisi. Ya kwanza ilikufa kwa makelele, ya pili kwa ugomvi wa spika, ya tatu kwa kubadilisha siku. Kwa hiyo humu hutajifunza kupiga gitaa. Nitakueleza namna ya kuufanya usiku mmoja wa wiki usife.

1. Tafuta usiku kabla hujatafuta watu

Wengi hukusanya wapigaji kwanza, halafu ndio wanaulizana nani ana nafasi siku gani. Hamtapatana. Watu wazima saba wenye kazi na watoto hawana usiku ulio wazi kwa wote. Weka siku wewe, kisha mwite anayeiweza.

Alhamisi iondoe mapema. Ule ni usiku wa Ijumaa, watu wana hitima zao na nyiradi zao, na hata asiyekwenda popote hapendi gitaa limwingilie dirishani. Ijumaa mpaka Jumapili ni za harusi: mpigaji wako hodari ataitwa akapige kwa pesa, na ana haki ya kwenda. Jumatatu kila mtu amechoka kabla hajafanya kitu. Zinabaki Jumanne na Jumatano. Wenye timu zao Ulaya watalalamika, lakini mechi kubwa za katikati ya wiki kwa saa zetu huanza saa nne au saa tano usiku kutegemea majira, kwa hiyo anayetoka saa nne na robo hakosi kitu cha maana.

Saa nayo ifuate Isha. Mtu anaswali, anakula, anakuja. Tukisema saa mbili na nusu, maana yake saa mbili na nusu nyuzi zimeshatyuniwa na mtu anahesabu moja-mbili-tatu. Tukiwa watatu tunaanza watatu. Aliyechelewa anaingia kimya, anachomeka waya na kudaka wimbo ulipofika. Bendi yangu ya tatu ilikuwa na huruma. Ilisubiri kila mtu, na wiki hii ikawa Jumanne, wiki ijayo Jumatano kwa sababu ya fulani, kisha Jumatatu kwa sababu ya mwingine. Mwezi wa nne nilikwenda peke yangu nikakuta mlango umefungwa, na sikujua kama niliyekosea siku ni mimi au wao.

Mwaka una mapumziko yake. Ramadhani hatupigi: kila mtu hubeba chombo chake nyumbani, na mwezi huo ndio wa kubadilisha nyuzi, kulehemu jeki za waya na kunakili upya karatasi za maneno zilizochakaa. Tunarudi Jumanne ya kwanza baada ya siku nne za Sikukuu. Mfungo Sita tunauliza kwanza kama hapana maulidi jirani. Na akifiwa mtu mtaani, vyombo havitolewi mpaka hitima ya siku ya tatu ipite. Nyumba yenye msiba ikiwa imepakana ukuta na sisi, tunakwenda kumuuliza mwenyewe lini turudi, na jibu lake halijadiliwi.

2. Chumba, na watu wa upande wa pili wa ukuta

Kama unakaa katika majumba ya Michenzani au Kikwajuni, sahau kupigia ndani. Zege hubeba mlio mbali: ngoma ikipigwa ghorofa ya pili, wa ghorofa ya tano anaisikia kitandani. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina kuta nene, lakini vyumba ni virefu, dari liko juu, na mlio unazunguka kama uko kisimani. Nyumba ya tofali yenye paa la bati haifichi kitu. Mvua ikinyesha tu ndipo mnakuwa salama, na hapo hamsikilizani wenyewe.

Kilicho bora ni chumba cha uani, kidogo, chenye vitu vingi laini. Duka la fundi wetu limetusaidia bila kukusudia: majora ya vitambaa yamepangwa ukutani mpaka darini, na kitambaa hunyonya mlio vizuri kuliko chochote ulichonacho nyumbani. Wewe usiye na majora tandika mikeka na zulia chini, tundika mablanketi mazito kwenye ukuta ulioelekea spika, weka godoro la zamani limeegemea mlango. Lakini haya hupunguza mwangwi wa ndani; usijidanganye kwamba yatazuia sauti kutoka nje. Kinachozuia sauti kutoka ni kupiga kwa sauti ndogo.

Nenda kwa majirani kabla ya usiku wa kwanza, si baada ya lalamiko la kwanza. Nyumba ya kulia, ya kushoto na ya nyuma, moja moja, kwa miguu yako, na uwaambie siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mjulishe sheha, yaani kiongozi wa mtaa. Kama msikiti uko karibu, mjulishe imamu pia. Sisi tulikwenda wawili, mwalimu na mimi, tukiwa tumevaa kanzu. Hakuna aliyekataa. Bibi wa nyumba ya nyuma alisema yeye hana neno, muziki anaupenda tangu ujana wake.

Wiki ya tatu tukasikia hodi. Ni yeye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Nambieni, hilo dude linalonguruma ni kitu gani?"

"Lipi bibi? Sauti ya kinanda?"

"Kinanda nakijua mie. Hilo jengine. Vikombe vyangu kabatini vinacheza."

Wote wakanigeukia. Tulikwenda kuona na ni kweli: nikipiga nota ya chini kabisa, vikombe vya kahawa vya bibi vinagongana ndani ya kabati la vioo, ilhali ukisimama ukumbini kwake gitaa hulisikii. Besi haipiti hewani tu, inapita sakafuni na kupanda ukutani. Tulilolifanya ni hili: spika ya besi tuliiinua kutoka sakafuni tukaiweka juu ya kipande cha godoro la sponji lililowekwa juu ya tairi kuukuu la gari, tukaisogeza mbali na ukuta, na kwenye amplifaya nikapunguza kitufe cha besi na kuongeza kidogo cha kati. Masikioni mwangu besi ikasikika wazi zaidi kuliko mwanzo. Vikombe vikatulia.

Dramu kamili usilete. Samahani kwa wapiga dramu, lakini katika chumba cha mita nne kwa tano ngoma moja ya snea huwalazimisha wengine wote kupandisha sauti. Tumieni ngoma ndogo za mkono kama dumbak na bongo, au tambarini na cherewa (manyanga). Wazee wetu wa kidumbak, ile taarab ya ngoma ya mitaani, walipigia uani harusi nzima kwa fidla, vidumbak viwili, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa na sanduku, lile sanduku la chai lenye mti na kamba moja linalofanya kazi ya besi. Kwa mazoezi ya chumbani, mpangilio ule bado haujapata mpinzani.

Sasa kanuni ambayo kama hutachukua nyengine chukua hii: kipimo cha sauti ni mwimbaji asiye na maiki. Aimbe kwa sauti yake ya kawaida, na chombo kinachomfunika kipungue. Vita vya sauti huanza hivi: mpiga solo hajisikii, anapandisha kidogo, kinanda nacho kinapandishwa, besi nayo, dakika ishirini baadaye chumba kinavuma na hakuna anayejua nani kakosea wapi. Mara nyingi tatizo la mpiga solo ni kwamba spika yake iko chini inamwimbia magotini. Iweke juu ya kiti imwelekee sikioni, na atapunguza mwenyewe bila kuambiwa. Bendi yangu ya kwanza haikulijua hilo. Ilikaa miezi miwili.

3. Umeme, waya na hewa ya bahari

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Miksa ndogo ya njia nane, spika mbili, maiki mbili, na kila mpigaji na chombo chake. Kinanda kichomekwe kwenye miksa.

Chomekeni vyote kwenye ekstensheni moja nzuri inayotoka plagi moja, yenye stebilaiza mbele yake, maana umeme wa usiku hupanda na kushuka. Kutumia plagi moja pia hupunguza ule mvumo wa *mmmm* unaotoka spika zikiwa zimechomekwa pande mbili za chumba. Amplifaya na spika huwashwa mwisho na huzimwa kwanza; ukifanya kinyume utasikia *pu!* na siku moja hiyo *pu!* itaondoka na spika.

Mwimbaji akigusa maiki kwa midomo huku mpiga gitaa amemshika mkono, na wakasikia kama sisimizi, simamisheni kila kitu. Hiyo ni hitilafu ya ethi, yaani waya wa ardhini wa usalama. Usiifunge kwa gundi, using'oe ule mguu wa tatu wa plagi kama nilivyoona watu wanafanya ili "kuondoa mvumo". Mwiteni fundi umeme aangalie nyumba.

Chumvi ya baharini ni adui wa polepole. Nyuzi za chuma zinaota kutu ndani ya wiki chache, jeki zinakwaruza, udi (wa kupiga, si wa kufukiza) unaachia gundi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, hata kama umechoka. Jeki zisafishe kwa pamba yenye spiriti. Gitaa usilitundike ukuta unaotoa unyevu. Weka seti moja ya nyuzi mpya ndani ya chumba daima, kwa sababu uzi mwembamba hukatika saa tatu usiku, maduka yakiwa yamefungwa.

Na umeme ukikatika, msiondoke. Desemba 2009, kebo ya chini ya bahari ilipoharibika na Unguja ikakaa bila umeme mpaka Machi 2010, bendi yangu ya pili ilikuwa hai bado. Tulipiga kwa kandili, gitaa kavu mbili na dumbak, na miezi ile ndiyo tuliyojifunza kuimba sauti mbili, kwa sababu kwa mara ya kwanza tulisikiana. Tangu hapo nimekuwa nikisema kila bendi izime umeme wenyewe Jumanne moja kwa mwezi. Hapa kwetu tunafanya hivyo, ingawa mpiga solo hununa.

4. Nyimbo gani, na kwa sauti ya nani

Kuna anayeona haya kupiga kopi, akidhani msanii ni lazima awe na chake. Taarab yetu yenyewe ilianza kwa kuiga. Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi. Kikundi cha Nadi Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa 1905, kilianza na nyimbo za Kiarabu. Baadaye watungaji wa hapa walichukua lahani za filamu za Misri na za Kihindi wakazivika maneno ya Kiswahili. Waliopiga kopi miaka mingi ndio waliokuja kutunga. Kwa hiyo tulia, piga.

Orodha isizidi nyimbo ishirini, na wimbo mpya uwe mmoja kwa wiki mbili. Kila mtu ana zamu yake ya kupendekeza na hakuna kura. Kura huleta makundi. Ila pendekezo liwe na sharti moja: awepo mtu chumbani anayeweza kuuimba wimbo huo mwanzo hadi mwisho bila kuangalia simu. Nyimbo nyingi huletwa kwa sababu solo yake tamu. Zinapigwa mara moja, hakuna anayejua beti la pili, zinaachwa.

Kwa dansi la zamani, angalieni kwanza mna gitaa ngapi. Utamu wake uko katika solo na rizimu zinavyojibizana juu ya besi, na mwenye gitaa moja akijaribu kupiga zote mbili hutoka na kitu kisicho na mwili. Kwetu kinanda huchukua sehemu ya rizimu kwa sauti kavu, fupi fupi. Inakubalika. Chemko, ile sehemu ya mwisho yenye kasi, msiirefushe: dakika mbili zinatosha kwa mazoezi, vinginevyo usiku wote mtakuwa mnacheza mahali pamoja pazuri.

Kwa taarab asilia kuna mtego ambao huwapata wote wenye gitaa, na hakuna aliyenieleza mapema. Baadhi ya maqam, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, zina nota ambayo haipo kwenye gitaa wala kinanda cha kawaida. Chukua Rast inayoanzia C: nota yake ya tatu iko katikati ya E na E flati. Bayati inayoanzia D vile vile, nota yake ya pili iko hapo hapo katikati. Fidla na udi huipata kwa kidole, kwa kuwa shingo zao hazina vyuma. Gitaa lina vyuma. Mkipiga wimbo wa Bayati kwa gitaa, nyote mtakuwa sahihi na wimbo utasikika umekunjamana uso, mkalaumiana usiku kucha. Njia ni mbili. Moja, kinanda chenye uwezo wa kushusha nota moja moja kishushwe ile nota kwa nusu ya nusu-toni, na gitaa linyamaze au lipige nota zile zisizogombana. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa wanaoanza: chagueni nyimbo za maqam zinazokaa kwenye gitaa. Nahawandi inafanana na maina ya Kizungu, Ajami inafanana na meja, na Hijazi inayoanzia D inakwenda D, E flati, F shapu, G, A. Zote hizi zinapigika. Nyimbo za namna hiyo ziko tele, na zipo zenye mwendo wa bolero na rumba ambao mpiga gitaa wa dansi anaujua tayari.

Baada ya maqam, sauti ya mwimbaji. Hapa ndipo bendi za mtaani hukosea kuliko popote. Wimbo uliimbwa na mtu mwenye koo lake, ukarekodiwa kwa sauti iliyomfaa yeye. Wewe unaung'ang'ania hapo hapo kwa sababu ndivyo ulivyoujifunza kwenye simu. Muuguzi wetu, ambaye ndiye mwimbaji, alikuwa akipasuka sauti kwenye kibwagizo kila wiki na tukamwambia afanye mazoezi ya pumzi. Makosa yalikuwa yetu. Wimbo ulikuwa A, yeye anautaka F. Kodi (za gitaa, si za nyumba, yaani nota kadhaa zinazopigwa pamoja) zikatoka A, D na E zikawa F, B flati na C. Mpiga rizimu alilalamika kwamba B flati inamuumiza vidole, akaweka kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, chuma cha tatu akapiga maumbo ya D, G na A, ikawa ile ile. Siku ile tulimsikia mwimbaji wetu kwa mara ya kwanza. Mwanzo wa kila wimbo mpya, kabla ya kodi yoyote kuandikwa, mwache mwimbaji aimbe beti moja na kibwagizo bila chombo, aanzie anapojisikia vizuri, kisha kinanda kimtafute.

5. Kuutegua wimbo nyumbani

Kazi ya chumbani ni kuunganisha, kutegua ni kwa nyumbani. Sikiliza wimbo mara tatu kabla hujagusa chombo: mara ya kwanza fuata besi tu, mara ya pili mapigo, mara ya tatu hesabu umbo lake, yaani utangulizi ni mizunguko mingapi, beti linaingia wapi, fidla inajibu mara ngapi kabla ya kibwagizo. Andika umbo hilo kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa. Programu za simu zinazopunguza mwendo bila kushusha sauti zinasaidia; weka asilimia 75 utasikia vidole vya mpiga solo kimoja kimoja.

Maneno yaandikwe kwa mkono na mwimbaji mwenyewe. Mashairi ya taarab mara nyingi yana vina na mizani, nane kwa nane, na neno moja lililosikika vibaya linavunja mstari. Ukihesabu silabi ukapata tisa, umesikia vibaya. Hapo tunamfuata bibi wa vikombe. Mara mbili ameturekebisha, na mara moja alituimbia beti ambalo kwenye rekodi tuliyokuwa nayo halikuwemo.

6. Usiku wenyewe

Robo saa kabla ya saa mbili na nusu ni ya kutyuni. Kila mtu atumie programu ya simu, A iwe hezi 440, isipokuwa mkiwa na akodiani; hiyo haibadiliki, kwa hiyo nyote ifuateni. Akimaliza kutyuni mtu anyamaze. Yule anayejaribu solo yake wakati wenzake wanatyuni anawachelewesha wote, na kwetu faini yake ni kununua kashata.

Pigeni wimbo mmoja mnaoujua vizuri, usingoje sifa, kisha nendeni moja kwa moja kwenye wimbo mpya wakati akili bado mbichi. Upeni dakika arobaini na tano, zisizidi.

Msirudie tangu mwanzo kila mtu akikosea. Mkifanya hivyo utangulizi mtaujua kama Alhamdu na mwisho wa wimbo hamtaujua kamwe. Tafuteni palipovunjika. Kwetu karibu kila mara ni kivukoni: mizunguko miwili kati ya mwisho wa beti na mwanzo wa kibwagizo, pale ambapo besi inapanda, dumbak inabadilisha na kinanda kinasubiri. Tunachukua mizunguko hiyo miwili peke yake. Kwanza besi na dumbak tu, taratibu, mara nne. Kisha kinanda kinaingia, mara nne. Kisha gitaa. Mwimbaji anaingia mwisho, na anaanza mstari mmoja nyuma ili aingie kivukoni akiwa ana pumzi. Dakika kumi. Baada ya hapo wimbo mzima unapita, na hata pasipopita mnajua ni nani wa kwenda kufanya kazi nyumbani.

Amueni jinsi wimbo unavyokwisha. Ninasema hivi kwa sababu nimesikia bendi nyingi za mtaani zinapiga vizuri dakika nne na zikashindwa kusimama: mmoja ameacha, wawili wanaendelea, dumbak inapiga pigo moja la kuaga peke yake. Mtu mmoja awe mwenye ishara. Kwetu ni mpiga solo; akiinua shingo ya gitaa ni mzunguko wa mwisho.

Saa tatu na nusu kahawa. Dakika kumi na tano, tena nje barazani, vyombo vimezimwa. Mazungumzo yote ya nani kachelewa, nani hajalipa na timu gani imefungwa ni ya hapo, yasiingie ndani. Baada ya kahawa ni nyimbo za zamani za orodha, mfululizo, bila kusimama hata mkikosea, kama mko mbele ya watu. Hiyo sehemu irekodiwe kwa simu. Iweke juu ya rafu mbali na spika, na msiisikilize usiku ule ule. Kila mtu asikilize kesho yake peke yake, atajisikia mwenyewe na hilo litamtosha.

Saa nne na robo mnazima. Muuguzi wetu hatoki peke yake. Mmoja wa bandarini ana vespa na njia yao moja, na kaka yake mwimbaji analijua hilo tangu wiki ya kwanza. Kama bendi yako ina mwimbaji wa kike, lipangeni suala la kurudi nyumbani kabla ya suala la kodi.

7. Pesa na mali

Kila mtu elfu mbili kila Jumanne, awepo asiwepo. Anayeshika daftari asiwe ndiye kiongozi wa muziki, maana kiongozi anagombana na watu kwa nota tayari. Pesa inakwenda kwenye umeme wa mwenye chumba, kahawa, nyuzi, na akiba.

Andikeni kitu gani ni cha nani. Kwenye bendi yangu ya pili tulichanga spika mbili watu watano. Mmoja akahamia Dar, akataka chake. Ukikata spika mbili vipande vitano unapata nini? Kila mtu alikuwa na hoja, zote za haki, na spika zikakaa chumbani kwa mtu mmoja mwaka mzima zimefunikwa shuka bila kupigwa. Sasa daftari letu lina ukurasa mmoja wa mali: miksa ya mwalimu, spika ya muuza samaki, maiki mbili za bendi. Vya bendi vimeandikwa kabisa kwamba anayeondoka anaviacha.

8. Mkialikwa

Mkikaa miaka mtaalikwa, hata msipotaka. Harusi ya jirani, mahafali ya skuli. Shughuli ya hadhara ina vibali vyake: muulizeni sheha, na kwa maonesho ya wazi nendeni BASSFU, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Mkitaka kuweka kopi zenu mtandaoni au kuzitoza pesa, wimbo una mwenyewe, na COSOZA ndio wa kuwauliza kuhusu hakimiliki.

Jambo moja ambalo hakuna atakayewaambia: kutunza. Wanawake watainuka na noti mkononi, watamfuata mwimbaji, watamtunza yeye. Mpiga besi hatunzwi na mtu. Kubalianeni kabla hamjatoka chumbani pesa hiyo ni ya nani. Kwetu nusu ya mwimbaji, nusu ya daftari, na muuguzi mwenyewe ndiye aliyependekeza. Harusi ya mjukuu wa bibi wa nyumba ya nyuma tulipata za kutosha kununua nyuzi mpya za besi, seti nzima, za kwanza tangu tuanze. Bibi alikaa mbele kabisa, karibu na spika yangu.